Sauli na Daudi: Wote Wawili Walisema "Nimekosa"



Mpendwa kijana mwenzangu, leo tunafungua vitabu vya Samweli. Kama una Biblia karibu ichukue, maana tutatembea sana kati ya 1 Samweli 15 na 2 Samweli 11 na 12. Kama huna, soma makala hii hadi mwisho, halafu jioni kabla ya kulala uzisome sura hizo mwenyewe. Usiniamini mimi tu.

Swali letu ni moja. Sauli alitenda dhambi, na Daudi alitenda dhambi. Sauli alitumiwa nabii amwonye, na Daudi alitumiwa nabii. Sauli alijibu kwamba amekosa, na Daudi akajibu hivyo hivyo. Kwa nini basi mmoja alikataliwa, na mwingine mpaka leo tunamwita Yesu "Mwana wa Daudi"?

Tena ukipima kwa macho yetu ya kawaida, Daudi ndiye aliyefanya vibaya zaidi. Sauli aliacha hai mfalme mmoja na mifugo iliyonona. Daudi alichukua mke wa mtu, kisha akapanga mume auawe. Peleka kesi hizi mbili katika mahakama yoyote ile, utaona ni nani atakayefungwa miaka mingi.

Nilipokuwa nasoma falsafa, mwalimu alituuliza swali hili katika kipindi cha Maandiko. Nilinyoosha mkono nikasema Mungu ni huru, humhurumia amtakaye. Nikapongezwa. Jibu halikuwa la uongo, lakini sikuwa nimelielewa. Nilikuja kulielewa mwaka mmoja baadaye, nje ya darasa, na kwa aibu kubwa. Nitakusimulia, ila tuanze na Biblia kwanza.

Sauli: mfalme aliyeogopa watu wake

Sauli hakuanza vibaya. Alikuwa kijana wa kabila la Benyamini, mrefu kuliko watu wote, ametoka nyumbani kutafuta punda wa baba yake waliopotea. Samweli alipomwambia habari za ufalme, alishangaa: mimi wa kabila dogo, wa ukoo mdogo, nimetoka wapi hata niambiwe hayo (1 Sam 9)? Siku ya kutangazwa mbele ya watu alitafutwa haonekani, kumbe amejificha penye mizigo (1 Sam 10). Mtu wa namna hii hata wewe ungempigia kura.

Shida ilianza kidogo kidogo. Katika sura ya 13 yuko Gilgali. Wafilisti wamekusanyika, na askari wake wanatoroka mmoja mmoja. Ameagizwa amngoje Samweli siku saba. Siku zinafika, Samweli hajatokea. Sauli anaamua kutoa sadaka ya kuteketezwa yeye mwenyewe, na akimaliza tu, Samweli huyo hapo! Akaulizwa amefanya nini. Sikiliza utetezi wake: watu walikuwa wanatawanyika, wewe ulichelewa, maadui walikuwa karibu, basi ikabidi nijilazimishe. Watu, wewe, maadui. Kila mtu ana sehemu yake katika kosa, isipokuwa Sauli.

Sura ya 15 ndiyo yenyewe. Sauli anapewa amri juu ya Waamaleki. Najua sura hii ni ngumu, vita yake inatusumbua sisi tunaomfuata Kristo, na inastahili makala yake peke yake. Leo tuangalie tu jinsi mfalme anavyoshughulika na kosa lake. Anamwacha hai Mfalme Agagi, na anaacha kondoo na ng'ombe walionona. Vile visivyo na thamani ndivyo anaviangamiza. Halafu, kabla hata ya kuonana na nabii, anapita Karmeli na kujijengea mnara wa ukumbusho (aya ya 12). Shika jambo hili la mnara.

Samweli anafika, Sauli anampokea kwa furaha na kumwambia kwamba ametekeleza agizo la Bwana. Nabii anauliza: mbona basi nasikia kondoo wanalia? Sauli anasema ni watu waliowaacha, eti wawatolee Mungu sadaka. Anabanwa tena, anarudia: mimi nilitii, watu ndio waliochukua. Samweli anamwambia wazi kwamba Mungu anapendezwa na utii kuliko sadaka. Hapo ndipo Sauli anasema amekosa, na anataja sababu ya kweli kabisa: aliwaogopa watu.

Ungesema sasa ametubu. Soma aya ya 30. Anarudia kwamba amekosa, halafu anaongeza ombi: hata hivyo, nipe heshima sasa hivi mbele ya wazee wa watu wangu na mbele ya Israeli, rudi pamoja nami. Kwa maneno mengine: sawa baba, nimekosa, ila twende wote jukwaani ili watu wasijue.

Samweli akarudi naye, na ibada ikafanyika. Kwa nje kila kitu kilionekana kizuri. Lakini sura inafungwa kwa kusema kwamba Samweli hakwenda kumwona Sauli tena mpaka siku ya kufa kwake, na alimlilia. Sauli aliipata heshima ya siku moja, akampoteza mtu pekee aliyekuwa akimwambia ukweli.

Na mwisho wake? Katika sura ya 28 anamtafuta Samweli huyo huyo, sasa ameshakufa, kupitia mwanamke mpiga ramli wa Endori. Anakwenda usiku, amebadilisha mavazi ili asitambulike. Mfalme aliyejijengea mnara ili aonekane, anamaliza kwa kujificha.

Daudi: mfalme aliyekubali kuonekana

Sasa njoo kwa Daudi. 2 Samweli 11 inaanza kwa kusema ulikuwa wakati ambao wafalme huenda vitani, lakini Daudi akabaki Yerusalemu. Jioni anatembea juu ya paa la jumba lake, anamwona Bathsheba akioga, anauliza habari zake. Anaambiwa wazi kwamba ni mke wa Uria Mhiti. Anatuma watu wamchukue. Baadaye mama huyu anamletea ujumbe: nina mimba.

Kuanzia hapo Daudi anafanya yale yale ya Sauli: anaficha. Anamwita Uria kutoka vitani ili alale nyumbani kwake, mimba ionekane ni yake. Uria anakataa kwenda nyumbani, kwa sababu wenzake wako kambini na Sanduku la Agano liko katika kibanda. Daudi anamnywesha mpaka analewa, bado hakwenda. Mwisho anamwandikia Yoabu barua kwamba Uria awekwe mbele penye mapigano makali, wengine warudi nyuma. Na barua hiyo anampa Uria mwenyewe aipeleke. Mtu alibeba hukumu yake ya kifo mkononi bila kujua, kwa sababu alikuwa mwaminifu.

Nathani anakuja na hadithi: tajiri mwenye mifugo mingi amemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja aliyemlea kama binti. Daudi anawaka hasira, anatoa hukumu. Nabii anamwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Daudi alikuwa na kila nafasi ya kufanya kama Sauli. Angeweza kusema Bathsheba alioga mahali pabaya, kwamba Yoabu ndiye kamanda, kwamba vitani watu hufa. Angeweza hata kumwua Nathani, nani angemwuliza? Badala yake anasema sentensi fupi sana kwamba amemtendea Bwana dhambi (2 Sam 12:13). Hakuna "lakini", hamtaji mtu mwingine, wala hamwombi Nathani watoke wote nje wakatabasamu mbele ya wazee.

Nathani anamwambia palepale kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Angalia lakini: msamaha umekuja, na matokeo yamebaki. Mtoto anakufa. Nyumba ya Daudi inaingia katika vurugu, na mwanawe Absalomu anampindua. Katika sura ya 15 mfalme anapanda Mlima wa Mizeituni bila viatu, analia. Katika sura ya 16 Shimei, mtu wa ukoo wa Sauli, anamfuata akimtukana na kumrushia mawe. Abishai anataka kwenda kumkata kichwa. Daudi anasema mwacheni atukane. Je, huyu si mtu tofauti na yule aliyeua ili asiaibike? Sasa anatukanwa hadharani na hatafuti kulinda uso wake. Kitubio chake hakikuwa maneno ya dakika moja mbele ya Nathani, kilimbadilisha.

Na Nathani hakupotea. Katika 1 Wafalme 1, Daudi akiwa mzee sana, Nathani bado anaingia chumbani kwake na kumshauri. Aliyepokea ukweli alibaki na mtu wa kumwambia ukweli.

Mimi na nauli ya hija

Sasa niseme langu. Baada ya kumaliza falsafa nilitumwa parokiani kwa mwaka wa uchungaji. Paroko alinikabidhi vijana. Unajua frateri anavyopokelewa parokiani: kiti cha mbele, soda ya kwanza, "Frateri tuombee", "Frateri tupe neno". Ukiwa na miaka ishirini na kitu, vitu hivi vinaingia kichwani bila kubisha hodi.

Tukapanga hija. Kila kijana alichanga kidogo kidogo, na fedha zilitumwa kwenye simu yangu. Katibu wetu, binti wa miaka 19, aliandika majina kwenye daftari. Katikati ya michango kioo cha simu yangu kikapasuka. Fundi akataka shilingi 90,000. Nikajiambia natumia sasa, nitarudisha mwisho wa mwezi, nani ataumia? Mwisho wa mwezi ukafika, sina kitu.

Siku mbili kabla ya safari tukakaa kikao kumlipa mwenye kosta. Fedha hazikutosha. Watu wote wakanitazama mimi. Na mimi nikatazama daftari. Nikasema kwa sauti ya upole kabisa: "Inaonekana kuna majina yaliwekwa tiki wakati hawajalipa." Sikusema katibu amekosea. Sikuhitaji kusema. Binti yule aliinamisha kichwa, akaanza kuhesabu upya kwa kidole, na machozi yakadondoka kwenye karatasi. Paroko akajazia kutoka mfukoni mwake. Tukaenda hija, tukaimba, tukapiga picha.

Tuliporudi maneno yakaanza mtaani: katibu amekula hela za hija. Akaacha ukatibu, kisha akaacha kwaya. Jumapili nilikuwa namwona amekaa benchi la nyuma na mama yake, wanatoka mara tu baada ya baraka ya mwisho.

Baadaye mjomba alinitumia fedha. Nikaweka shilingi 100,000 kwenye bahasha ya sadaka bila jina. Elfu kumi zaidi ya deni! Nikajisikia nimemaliza na Mungu. Baada ya wiki chache nilikuwa naandaa mafundisho ya vijana kuhusu 1 Samweli 15, nikafika pale Sauli anaposema mifugo imeachwa ili iwe sadaka, nikafunga Biblia. Nilitafuta mada nyingine ya kufundisha. Ndiyo, nilibadilisha mada.

Kwaresima nikaenda kuungama, tena parokia ya mbali ambako sifahamiki. Nikasema nimetumia vibaya fedha za watu, na nimekwisha zirudisha. Padre, mzee mmoja mwenye sauti ndogo, akauliza: "Kuna mtu aliyebeba lawama kwa ajili yako?" Nikanyamaza. Yeye pia akanyamaza, akasubiri. Nikasema yupo.

Akanieleza kwamba fedha zimerudi, lakini jina la yule binti bado halijarudi, na jina ndilo nililoiba kikubwa zaidi. Nikaanza kujadiliana naye. Nikasema nitamwomba msamaha faraghani, ila hadharani itawakwaza waamini, wataona waseminari ni wezi, nalinda heshima ya Kanisa. Wakati bado naongea, nikajisikia mwenyewe. Nipe heshima mbele ya wazee wa watu wangu. Ilikuwa aya ya 30 inatoka mdomoni mwangu. Nililia kwenye kiti kile cha maungamo kama mtoto.

Nikapewa ondoleo, nikaenda. Nilianza na paroko, kwa sababu yeye ndiye anayeandika ripoti yangu kwa gombera. Nikijua maana yake. Kisha nyumbani kwa binti, mbele ya wazazi wake. Kisha Jumapili, baada ya Misa, mbele ya vijana wote, nikasema kwa mdomo wangu kwamba daftari lilikuwa sahihi na fedha nilizitumia mimi. Hakuna aliyepiga makofi. Nyumbani kwao binti alikuwa ameniambia neno moja tu: "Frateri, nilijua. Nilikuwa nasubiri useme."

Ripoti iliandikwa. Niliongezewa mwaka mmoja nje kabla ya kuanza teolojia, na wenzangu niliosoma nao falsafa wako mbele yangu darasa moja. Baada ya Pasaka binti alirudi kwaya. Ukatibu alikataa, na ni haki yake. Amenisamehe, lakini siwezi kukuambia kwamba kila kitu kimerudi kama zamani. Daudi alisamehewa, na Uria hakufufuka.

Sarufi ya dhambi

Tangu siku ile nasikiliza tunavyoongea kuhusu makosa. Kiswahili chetu ni kizuri, kina mlango wa kutokea. Glasi haivunjwi na mtu, "imevunjika". Fedha hatukuzitumia, "zilitumika". Kikao kinaposomewa taarifa, hakuna aliyeiba wala kudanganya, bali "kulijitokeza changamoto". Na ile ya mwisho wa sherehe, inayopendwa kuliko zote: "Kama kuna mtu nimemkwaza, naomba anisamehe." Kama? Unamjua jina lake, unajua na siku yenyewe!

Hiyo ndiyo sarufi ya Sauli. Katika kitenzi cha Daudi kuna "ni-" mwanzoni: mimi nimetenda. Ukichunguza maungamo yako, anza hapo tu. Je, mtendaji wa sentensi zako ni nani? Hata katika Misa, tunapoungama pamoja mwanzoni, tunapiga kifua chetu wenyewe. Hakuna anayepiga kifua cha jirani.

Jambo hili si la Wakristo peke yao kulitambua. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Gorgias, Socrates anasema kwamba mtu aliyetenda udhalimu anapaswa kwenda mwenyewe haraka kwa hakimu, kama mgonjwa anavyokwenda kwa daktari, kabla ugonjwa haujazama rohoni ukakosa dawa. Wenzake walimwona kama anatania. Nilipokisoma seminarini niliandika mtihani mzuri juu yake. Lakini Socrates hakuwa na cha kumwambia mtu kuhusu msamaha. Sisi tunakwenda kwa hakimu ambaye ni Baba.

Mfalme mwingine aliyemfuata Daudi

Usifikiri haya ni ya Agano la Kale tu. Herode alimkata kichwa Yohane Mbatizaji huku akisikitika, kwa sababu ya kiapo chake na wageni walioketi mezani (Mk 6:26). Pilato alimtoa Yesu asulubiwe akitaka kuuridhisha umati (Mk 15:15). Wote wawili walijua ukweli. Wote wawili walitazama kwanza nyuso za watu. Ni watoto wa Sauli.

Lakini Kanisa lina mfano wa upande wa pili. Mwaka 390 watu wa Thesalonike walimwua kamanda wa jeshi la Roma. Kaisari Theodosius kwa hasira akaamuru kisasi, na watu kwa maelfu wakauawa. Alikuwa Mkristo, amebatizwa, na alizoea kusali Milano, kwa Askofu Mtakatifu Ambrosi. Ambrosi akamwandikia barua kwamba hataweza kuadhimisha sadaka akiwapo Kaisari mpaka atubu, na katika barua hiyo akamkumbusha Daudi na Nathani. Theodosius alikuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote katika dola ile. Akavua mapambo ya kifalme, akalia na kuomba msamaha kanisani mbele ya watu, na kabla ya kupokelewa tena alifanya kitubio kwa miezi kadhaa.

Wafu wa Thesalonike hawakurudi, hilo tulitaje. Lakini kaisari alikubali kwamba mbele ya altare yeye ni mwenye dhambi kama mwingine yeyote. Mtu akiniambia kuungama hadharani kunashusha heshima ya uongozi, namkumbuka huyu.

Sasa sisi tufanye nini?

Huenda unasema: mimi si mfalme. Kweli? Wewe ni mwenyekiti wa vijana, mweka hazina wa kwaya, kiongozi wa darasa chuoni, kaka mkubwa nyumbani, msimamizi wa duka la shangazi. Popote ambapo mtu mmoja anaweza kubeba lawama yako kwa sababu wewe unaaminika kuliko yeye, hapo una kiti cha enzi. Nakushauri mambo manne.

Kwanza, mlinde Nathani wako. Ni nani anaweza kukuambia "umekosea" na usimnunie wiki nzima? Kama umewafukuza wote, umeshaanza njia ya Endori. Mtafute padre wa kuungama kwake mara kwa mara, anayekujua vizuri. Mimi nilikwenda mbali nisifahamike, na Mungu alinipata huko huko, lakini usijaribu bahati yako.

Pili, ungama dhambi zako tu. Usiungame za mke wa jirani, wala za kamati nzima. Ukijisikia unasema "kwa sababu yeye naye...", simama, anza upya.

Tatu, usimpe Mungu sadaka ili usimpe mtu haki yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatufundisha kwamba kitubio kina majuto, maungamo na malipizi (KKK 1450-1460). Inasema wazi kwamba aliyemdhuru jirani afanye awezalo kurekebisha, kama kurudisha kilichoibwa na kurudisha sifa njema ya aliyesingiziwa (KKK 1459, soma pia 2487). Kama ulimchafua mtu mbele ya watu 50, kumwomba msamaha chumbani peke yake hakujatosha.

Nne, pokea matokeo bila kununa. Msamaha si kufuta kesho yote. Ukipoteza cheo, ukichelewa mwaka, wakikusema, mwache Shimei atupe mawe yake. Kama unapoteza mnara wako na kubaki na roho yako, umefaidika.

Na usikate tamaa. Katika Misa ya mkesha wa Noeli husomwa ukoo wa Yesu kwa Mathayo, yale majina mengi ambayo wasomaji huyahangaikia. Ukifika kwa Daudi, Mwinjili anasema alimzaa Solomoni kwa mke wa Uria (Mt 1:6). Hasemi kwa Bathsheba, anamtaja Uria. Kosa la mfalme limeandikwa katika ukoo wa Mwokozi, wazi, linasomwa kanisani kila mwaka, na Mwokozi amezaliwa humo humo. Mungu hahitaji tufiche ili atutumie.

Maswali ya kujitafakari

1. Ni kosa gani nimelieleza kwa "ilitokea" wakati nilipaswa kusema "nilifanya"?
2. Je, yupo mtu anayebeba lawama yangu leo? Anaitwa nani?
3. Nathani wangu ni nani, na mara ya mwisho alinikosoa lini?

Tusali

Ee Bwana, wewe ulimtafuta Daudi alipojificha katika jumba lake, nitafute na mimi. Nipe ujasiri wa kusema nimekosa nikaishia hapo. Umrudishie heshima yule niliyemvunjia, na unifundishe kuogopa kukupoteza wewe kuliko kuogopa macho ya watu. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Juma hili jipange twende kuungama. Mimi naenda Jumamosi. Uniombee, nami nakuombea.

Ndugu yako katika Kristo,
Frateri